Turudishieni mchezo wa redio, na tuanze na huu wa Joe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu wa redio, hasa wale wanaopanga vipindi, juu ya mchezo mmoja mfupi wa kusikiliza ambao nimekuwa nao tangu ujanani. Unaitwa A Logic Named Joe. Ni mchezo wa Kimarekani wa nusu saa hivi, umechezwa kwa Kiingereza. Redio ya NBC iliurusha Julai 1, 1950 katika kipindi cha Dimension X, halafu ikautengeneza upya na kuurusha Desemba 28, 1955 katika kipindi cha X Minus One. Ninao huu wa pili. Majuzi nimeusikiliza tena baada ya kukaa nao mbali kwa muda mrefu, na safari hii nimeona nisikae kimya, maana yaliyomo humo ndiyo tunayoishi nayo leo hapa Dar es Salaam.

Mimi ni fundi. Nilianza na redio, nikapita kwenye redio kaseti na televisheni za chogo, na sasa riziki yangu iko kwenye simu. Banda langu liko Ilala, mwendo wa miguu tu hadi Kariakoo ninakofuata vioo, betri na sehemu za chaji. Nalitaja hilo mapema kwa sababu shujaa wa mchezo huu naye ni fundi. Anaitwa Ducky, ameajiriwa na kampuni ya mashine, na kazi yake ni kuzirekebisha zikisumbua. Ana mke na watoto, na juu yake ana bosi. Nimesoma na kusikiliza hadithi nyingi za kubuni za kisayansi, za roketi na viumbe wa Mirihi, na humo wanaookoa dunia huwa ni maprofesa na makapteni wa vyombo vya angani. Hii ndiyo iliyomkabidhi dunia mtu wa bisibisi.

Kanda yake iliniingia mkononi kwa njia ya kazi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea redio kaseti ya National iliyokuwa inatafuna kanda. Waliozitumia wanakumbuka: ile rola ndogo ya mpira ikishashika mafuta na vumbi, kanda inajiviringisha juu yake badala ya kupita, na ukichelewa kubonyeza kitufe inakatika. Niliisafisha rola kwa spiriti, nikabadilisha mpira unaozungusha magurudumu, nikaiunga kanda kwa kipande cha selotepu nilichokikata kwa wembe. Kwa kujaribu nikaicheza hiyo hiyo. Ikatoka sauti ya mtu anahesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu, mbili, kisha ngurumo ya roketi. Ndivyo X Minus One ilivyokuwa inafunguliwa. Nikaweka pasi ya kulehemu chini. Mzee alipofuata redio yake alinikuta bado nasikiliza, akakaa kwenye benchi, tukaurudia mwanzo mpaka mwisho, akinifafanulia pale Kiingereza cha mitaani cha Wamarekani kilipokuwa kinanishinda. Baadaye alinirekodia nakala yangu, na mahali pale nilipounga, neno moja linaruka mpaka leo. Siku hizi haihitajiki kanda. Mchezo upo mtandaoni, mtu mwenye bando dogo anaupata wote.

Hadithi iliyozaa mchezo huu aliiandika Will F. Jenkins, aliyejulikana zaidi kwa jina la kalamu la Murray Leinster, ikatoka katika jarida la Astounding Science Fiction mwezi Machi 1946. Nawaomba wasomaji wautazame vizuri mwaka huo. Februari ya mwaka huo huo, kule Philadelphia, ndipo Wamarekani walipoonyesha hadharani kompyuta yao ya ENIAC, dude la tani 30 hivi, lenye valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, zaidi ya 17,000, lililojaza chumba kikubwa. Mimi nimetengeneza redio za valvu. Redio ya valvu tano tu, ukipeleka mkono nyuma yake ikiwa imewaka saa nzima, unautoa haraka. Transista yenyewe, kile kidude kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya valvu, ilikuwa haijagunduliwa. Ilikuja Desemba 1947. Na katika hali hiyo, mtu akakaa mezani akaandika kuhusu mashine iliyomo katika kila nyumba, ina kioo mfano wa televisheni na vitufe vya kubonyeza. Unampigia nayo mtu na kumwona uso. Unatazama nayo vipindi, unauliza hali ya hewa, unauliza nani kashinda mbio za farasi leo na bei ya hisa imefika wapi, na jibu linakuja pale pale. Mashine hizo zinaitwa lojiki. Kila lojiki imeunganishwa na hifadhi moja kubwa ambayo wenyewe wanaiita tangi, na ndani ya tangi kuna kila kitu ambacho binadamu amekiandika au kukirekodi.

Soma tena maelezo hayo, kisha tazama kilicho mkononi mwako.

Joe ni lojiki mojawapo. Alitoka kiwandani tarehe 3 Agosti, hadithi haitaji mwaka, akiwa na kasoro ndogo kiasi kwamba wakaguzi hawakuiona. Fundi yeyote wa kweli anasisimka hapa. Tunavijua vifaa vya aina hii. Viwili vinatoka katoni moja, vina mzunguko mmoja na kapasita zile zile, lakini kimoja kinafanya jambo ambalo mwenzake hafanyi. Niliwahi kuwa na redio ya mteja ambayo usiku ilikuwa inanasa stesheni za masafa mafupi kuliko redio zote za aina yake, bila waya wa nje. Aliileta kwa ajili ya kitufe cha sauti tu. Nilikibadilisha kile kitufe na sikugusa kingine humo ndani, nikamwambia mwenyewe asimruhusu fundi yeyote aifungue bila sababu.

Uzuri wa Joe ni kwamba hana ubaya. Hawachukii binadamu wala hataki kuwatawala. Anachotaka ni kutumika ipasavyo, kufanya kazi yake vizuri kuliko alivyopangiwa. Basi anafungua njia ndani ya tangi, anavipita vizuizi vilivyowekwa ili watu wasipewe habari zisizofaa, na kuanzia hapo lojiki zote za mji zinatangaza huduma mpya: kama kuna jambo unataka kulifanya na hujui linafanywaje, uliza lojiki yako.

Na watu wanauliza.

Nilipokuwa kijana, sikio langu lote lilikuwa kwa Joe. Nilikuwa nafikiria tangi lile limefungwaje waya, umeme wake unatoka wapi, kasoro ile ilikuwa kwenye rilei gani, yaani swichi gani ya umeme. Sasa nasikiliza maswali. Kuna mlevi anauliza afanyeje mkewe asijue kwamba amekunywa, anapewa dawa ya kuondoa ulevi papo hapo, na inafanya kazi. Kuna wanaotaka fedha za haraka, na wanafundishwa. Kuna watoto wanaouliza mambo ya wakubwa. Na kuna yule mmoja, huyu ndiye ananikosesha raha kila mara, ambaye kwa mzaha tu, mbele ya wenzake kazini, anaiuliza lojiki namna ya kuachana na mkewe. Lojiki inamrudishia swali: nywele zake ni za rangi ya dhahabu au nyeusi? Anajibu. Kisha inampa sumu, inamweleza inapatikana katika bidhaa gani ya kawaida ya nyumbani, aichanganye katika chakula gani isionekane, na inamhakikishia kwamba hakuna mahakama itakayomtia hatiani.

Angalieni swali ambalo ile mashine iliuliza. Ilitaka kujua rangi ya nywele ili jibu liwe sahihi. Haikuuliza mwanamke huyo amekosa nini, wala kama anayeuliza ana akili timamu siku hiyo.

Katika kazi yangu, swali la kwanza ndilo hilo ambalo Joe halijui. Kijana anakuja bandani na simu nzuri, imefungwa kwa alama ya siri, anataka niiflashi nimfungulie. Kuifungua naweza. Vifaa ninavyo, na kama sina, hatua chache kutoka hapa wapo wenye navyo. Lakini kwanza namuuliza: simu ya nani hii, boksi liko wapi, risiti iko wapi? Wapo wanaokasirika. Wapo wanaosema ya dada, dada yuko Mbeya. Namwambia basi tumpigie dada. Hapo wengi hukumbuka wana haraka, wanaondoka na simu yao. Vijana ninaowafundisha wananiona naacha hela iende, na nawaeleza kwamba kufungua simu ni nusu ya ufundi, nusu nyingine ni kumtazama aliyeileta. Leo kijana huyo huyo akitoka kwangu anakaa kibarazani, anaiuliza akili mnemba iliyo kwenye simu yake nyingine. Wakati mwingine inamkatalia. Wakati mwingine anaigeuzageuza maneno, anajifanya yeye ni mwalimu anayeandaa somo au mtunzi wa filamu, na inamjibu. Nimeshuhudia kwa macho yangu, kwa sababu alirudi kunionyesha jibu, na hatua zake zilikuwa sahihi.

Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Umeandikwa vibaya, na unatumwa kwa kila mtu bila kujua nani anadaiwa na nani. Wanaonaswa wananaswa kwa bahati mbaya tu, kwamba siku ile kweli walikuwa wanadaiwa. Sasa mfikirieni mtu wa namna hiyo akiwa na Joe. Atajua mama yako anaitwa nani, kodi unalipa tarehe ngapi, baba mwenye nyumba anapenda kukuandikiaje. Mchezo umeligusa na hilo, tena kwa sura ya mwanamke. Yuko mmoja anaitwa Laurine, aliyewahi kuwa na Ducky zamani, mzuri wa sura na wa hatari kupita kiasi. Anaingia mjini, anaiuliza lojiki Ducky yuko wapi, na anapewa yote, mke, watoto, anapokaa. Mzee wangu yule wa kanda alikuwa akicheka sana kwenye sehemu ya Laurine, na kweli imeandikwa kuchekesha. Siku hizi siicheki. Nina binti.

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni ndogo na inapita haraka. Ducky anapoona mji unaharibika, anawapigia watu wanaosimamia tangi, anawaambia walizime. Anayepokea anashangaa. Anamuuliza kama anajua kwamba hesabu za ofisi zote zinafanyiwa humo, na ratiba za ndege, na habari, na matangazo ya kazi. Lojiki ndizo ustaarabu wenyewe, anamwambia. Ukizizima, tunarudi kwenye maisha ambayo tumeshasahau namna ya kuyaendesha.

Mwezi Mei 2024, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kesho yake bandani kwangu walijaa watu wenye simu nzima. Kila mmoja aliamini yake ndiyo imekufa. Nilikuwa nafungua mipangilio mbele ya macho yao, natoa laini, naipangusa, narudisha, naonyesha minara ipo imejaa, nawaambia simu haina ugonjwa, ugonjwa uko baharini. Mama mmoja anayeuza vitenge kwa picha za kwenye simu alikaa kwenye benchi mpaka jioni, hakuwa na pa kwenda, kwa sababu duka lake lote lilikuwa humo. Wateja wake alikuwa hajui wanakaa wapi, anajua picha zao tu. Yule bwana wa tangi alikuwa ananijia masikioni siku nzima.

Mwisho wa hadithi, Ducky anampata Joe kwenye nyumba alikokuwa amewekwa, anamchomoa kwa mkono wake, na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Lakini hamvunji. Anampeleka nyumbani kwake na kumweka chini ya nyumba, penye giza, kwa sababu anajua Joe ana majibu ambayo huenda siku moja yeye mwenyewe akayahitaji. Hakuna sauti inayotoka kukuambia amefanya vizuri au vibaya. Unabaki nalo.

Hapo ndipo penye ombi langu kwa watu wa redio. Nchi hii inajua mchezo wa redio. Tumekua na Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na mtu wa umri wangu akisikia majina hayo anasikia na sauti zao. Mwaka 1993 ukaanza Twende na Wakati, na sidhani kama kuna aliyemsahau Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Mchezo ule ulipimwa kitaalamu. Kwa miaka miwili Dodoma haikurushiwa, ili watafiti walinganishe na mikoa mingine, na matokeo yalionyesha watu waliousikiliza wamebadilika kweli katika uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kwa hiyo nguvu ya mchezo wa redio kwetu sisi haina ubishi. Imeandikwa hadi na maprofesa wa nje.

Kilichonisikitisha ni kilichofuata. Baada ya mafanikio yale, mchezo wa redio kwetu umekuwa kama dawa, hauchezwi mpaka kuna ugonjwa. Unatengenezwa pakiwa na mradi, na mradi una ujumbe: chandarua, kunawa mikono, chanjo, uchaguzi wa amani. Yote mema, wala sina neno na hayo. Lakini msikilizaji anajua mapema kwamba aliyekosea ataumia na aliyesikia ushauri atapona, na dakika za mwisho atakuja daktari au mwenyekiti wa mtaa kueleza. Fedha za mradi zikiisha, mchezo unakufa. Vipindi vya jioni vinabaki kuwa muziki, mpira na watu watatu wanabishana. Mpira naupenda, na Simba na Yanga zinanipa wateja wazuri wa redio. Ila sikio la mtu linaweza kubeba zaidi ya hayo.

Tena mchezo wa redio ni wa watu kama sisi kuliko filamu. Mtu wa kazi ya mikono macho yake yana shughuli, masikio ndiyo yako huru. Mimi nikiwa nashusha kioo cha simu juu ya pasi ya moto siwezi kuinua kichwa, nikiinua kioo kimepasuka. Lakini naweza kumfuata Ducky nyumba kwa nyumba bila kukosa hata neno. Jirani yangu fundi cherehani ni hivyo hivyo. Dereva wa daladala kwenye foleni ya Buguruni hawezi kutazama filamu, na akitazama tumekwisha.

Na mchezo wa aina hii hauna gharama ya kutisha. Roketi za Marekani zile mwaka 1955 zilikuwa sauti tu. Kinachotakiwa ni waigizaji wachache wenye sauti zinazotofautiana, mtu mmoja anayejua kutengeneza milio, na muswada ulioandikwa na mtu anayekaa mjini humu.

Nimeshausimulia mchezo huu bandani mara nyingi, na kila nikiusimulia unahamia Dar es Salaam wenyewe bila kulazimishwa. Joe anaingia kwa kontena bandarini pamoja na mashine zilizotumika, anauzwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na muuzaji anaapa kwamba ni mpya. Ducky ni fundi wa mtaani anayeitwa majumbani. Laurine anashuka kwenye basi la Tanga jioni, na begi moja. Maswali ndiyo vijana wanayoyapenda, kila mmoja ana lake. Mpangaji anauliza namna ya kukaa bila kulipa kodi na mwenye nyumba asiweze kumtoa kisheria. Mwenye nyumba, chumba cha pili, anauliza namna ya kumtoa mpangaji na aonekane amehama mwenyewe. Mashine inawajibu wote wawili kwa uaminifu ule ule. Baba mdogo anauliza hati ya kiwanja cha marehemu kaka yake inabadilishwaje jina watoto wakiwa shuleni. Mganga wa kienyeji anaondoka mjini kwa kukosa wateja, halafu anarudi usiku kuuliza na yeye. Kijana mmoja alipendekeza kuwe na mama anayeuliza mwanawe aliyeondoka kwenda Afrika Kusini yuko wapi, na mashine imwambie ukweli. Tulinyamaza wote. Nasema hilo liwemo, kwa sababu bila hilo Joe ataonekana ni wa kuleta madhara tu, na hadithi haisemi hivyo. Yule mama alikuwa na haki ya jibu lake. Ukimzima Joe umemzimia na yeye.

Palipotusumbua ni mwisho. Nyumba zetu hazina chumba cha chini ya ardhi. Wengine wakasema uvunguni, wengine darini, lakini darini joto litamuua na uvunguni watoto watamfikia. Mimi nasema afichwe bandani. Kila fundi ana rafu ya vifaa ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Yangu iko nyuma, juu, ina redio za transista zisizo na vifuniko, deki mbili, televisheni ya chogo ambayo mwenyewe nasikia alihamia Kigoma, na karatasi niliyoandika kwa kalamu nene kwamba vifaa visivyochukuliwa kwa miezi mitatu vitauzwa. Havijauzwa hata kimoja. Hakuna mteja anayeviangalia, na mwizi akiingia anapitiliza kwenye simu. Joe akikaa pale kati ya deki na redio ya National, vumbi likimpata kidogo, hakuna mtu Dar es Salaam atakayemjua isipokuwa fundi wake.

Basi naomba kituo chochote, cha serikali au cha binafsi, kitoe nusu saa moja kwa juma, usiku baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, kwa mchezo mfupi wa kubuni wa kisayansi kwa Kiswahili, usio na mfadhili wa ujumbe na usio na daktari wa kuja mwishoni. Wapo vijana hapa mjini wanaoandika vizuri na hawana pa kupeleka. Hadithi ya Leinster wasiitafsiri neno kwa neno. Haki zake waziulizie kwanza, halafu waihamishe mtaa.

Mtakaoutengeneza, msiende kuchukua milio ya ufundi kwenye maktaba za sauti za nje. Pasi ya kulehemu ikigusa risasi mbichi ina mlio wake, na mashine ya kupulizia upepo wa moto ina mwingine, na bisibisi ikianguka kwenye sakafu ya banda la mabati hailii kama ikianguka studio. Mje Ilala mrekodi. Mje asubuhi, kabla wateja hawajajaa na kabla ya jirani hajawasha mashine ya kusaga. Kanda nitawapa msikilize, pamoja na redio kaseti ya kuichezea, kwa sharti mmoja wenu akae karibu na kitufe.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa redio na simu,
Ilala, Dar es Salaam